Upatanisho Safi na Mgawanyo Sawa: Mwongozo Kamili wa Kupima Sauti kwa Gitaa, Kinanda na Kwaya

Mpiga gitaa anapolegeza uzi wa tatu mpaka kordi ya E ikatulia kabisa, bila mtikisiko wowote ndani yake, kisha akapiga kordi ya G au ya C, hukuta uzi uleule sasa uko chini mno. Akiurudisha juu ili G itulie, E inaharibika. Anaweza kuzishuku nyuzi, gitaa au masikio yake mwenyewe, ilhali vyote vitatu vinaweza kuwa vizima. Kinachomsumbua ni hesabu: sauti zinazopatana kikamilifu katika kordi moja haziwezi zote kubaki palepale na zikapatana kikamilifu katika kila kordi nyingine.

Njia mbili za kukabiliana na hesabu hiyo ndizo zinazolinganishwa hapa. Ya kwanza, ambayo nitaiita upatanisho safi, huchagua sauti ambazo mitetemo yake ina uwiano wa namba ndogo nzima, kama 3 kwa 2 au 5 kwa 4. Ya pili, mgawanyo sawa, huigawa oktava katika hatua 12 zinazolingana, bila kujali kama sauti zinazotokea zinapatana kikamilifu au la. Vinanda, gitaa zenye freti na kodiani karibu zote zinazouzwa leo hufuata njia hii ya pili. Sitatangaza mshindi. Lengo ni kwamba ukimaliza kufanya majaribio yafuatayo uweze kusikia tofauti kwa masikio yako, ujue ni sauti zipi zinazoibeba, na uamue lini inafaa kushughulikiwa na lini ni kupoteza muda.

Utahitaji gitaa la nyuzi sita, rula ya milimita, programu ya simu ya kupima sauti (tyuna) inayoonyesha senti, na simu mbili zenye programu ya kutoa sauti kwa hezi unazozitaka. Kinanda chenye sauti ya ogani kitasaidia, na waimbaji watatu au wanne watasaidia zaidi.

Hatua ya kwanza: ziweke hesabu mbili bega kwa bega

Uzi unaotetemeka mara 264 kwa sekunde hutoa sauti ya hezi 264. Ukitetemeka mara 528, sauti hupanda oktava moja, kwa sababu 528 ni mara mbili ya 264. Katika upatanisho safi sauti nyingine hupatikana kwa kuzidisha do kwa sehemu: so ni do mara 3/2, fa ni do mara 4/3, mi ni do mara 5/4. Katika mgawanyo sawa kila nusu toni hupatikana kwa kuzidisha sauti iliyotangulia kwa 1.059463, namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 12 hutoa 2 barabara, na hivyo oktava hufungika.

Kulinganisha namba hizo kwa hezi ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo hutumika kipimo cha senti, kilichoasisiwa na Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885. Nusu toni ya mgawanyo sawa ina senti 100 na oktava ina senti 1200. Kuugeuza uwiano wowote kuwa senti, chukua logi yake, gawa kwa logi ya 2, kisha zidisha kwa 1200. Kwa mfano, logi ya 1.25 ni 0.09691, ukiigawa kwa 0.30103 unapata 0.32193, na mara 1200 inakuwa 386.3. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa sauti moja mbili kabla ya kuendelea, maana namba uliyoikokotoa hukaa kichwani kuliko ile uliyoisoma tu.

Sauti: uwiano safi, senti safi, senti za mgawanyo sawa
Do: 1/1, 0, 0
Re: 9/8, 203.9, 200
Mi: 5/4; 386.3, 400
Fa: 4/3, 498.0, 500
So: 3/2, 702.0; 700
La: 5/3, 884.4, 900
Ti: 15/8, 1088.3, 1100

Usizipe mistari hii uzito sawa. Fa na so zinatofautiana kwa senti 2 tu, kiasi ambacho hata sikio lililozoea hulipata kwa shida. Re inatofautiana kwa senti 4. Lakini mi ya mgawanyo sawa iko juu kwa takriban senti 14, la kwa 16, na ti kwa 12. Ugomvi wote kati ya njia hizi mbili uko hapo, kwenye mi, la na ti, na mtu anayepoteza saa nzima kutafuta so iliyo safi kabisa anachimba mahali pasipo na maji.

Hatua ya pili: ione tofauti kwa rula

Gitaa lina faida moja ambayo kinanda hakina: tofauti hii inaonekana kwa macho. Pima urefu kutoka kijiti cha juu, pale nyuzi zinapopita kuelekea kwenye vikazio, hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa 2. Njia hii ni bora kuliko kupima hadi kwenye daraja la gitaa, kwa sababu mafundi hulisogeza daraja nyuma kidogo ili kufidia mkazo unaoongezeka uzi unapobonyezwa. Gitaa nyingi za nyuzi za nailoni zina urefu wa milimita 650, na namba zinazofuata ni za urefu huo.

Uzi ukikatwa kwa tano na ukabaki na sehemu nne, hutoa mi iliyo safi, yaani 5/4. Moja ya tano ya 650 ni milimita 130. Sasa pima freti ya nne ilipo: utaikuta karibu na milimita 134. Milimita 4 hizo ndizo senti 14 za kwenye jedwali, zikiwa zimechongwa kwenye mti. Pima tena freti ya saba, inayotoa so. So iliyo safi ingekaa kwenye theluthi ya uzi, milimita 216.7, na freti iko kwenye milimita 216.2. Nusu milimita tu, karibu na unene wa mstari wa penseli. Freti ya tatu, kwa upande wake, iko kwenye milimita 103.4, ilhali tatu ndogo, yaani umbali kama wa la hadi do, iliyo safi (6/5) ingehitaji milimita 108.3, hapo tofauti ni karibu milimita 5.

Freti hizi hazikuwekwa kwa kubahatisha. Mwaka 1581 Mwitalia Vincenzo Galilei, baba wa mwanafalaki Galileo, alieleza kanuni ya mafundi wa ala za nyuzi ya kuweka kila freti kwenye moja ya kumi na nane ya urefu uliobaki, jambo linalotoa hatua ya senti 99. Miaka mitatu baadaye, 1584, mwanamfalme Zhu Zaiyu wa China alichapisha hesabu kamili ya mgawanyo sawa. Fundi wa leo hugawa urefu uliobaki kwa 17.817 badala ya 18, na hilo ndilo badiliko lote.

Hatua ya tatu: isikilize

Sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana hupwita: nguvu yake hupanda na kushuka kwa mwendo wa kawaida, na idadi ya mipwito kwa sekunde ni sawa na tofauti ya hezi zake. Hezi 550 na hezi 554 zikisikika pamoja hutoa mipwito minne kila sekunde. Huu ndio msingi wa kupatanisha ala kwa sikio tangu zamani, na ndio utakaoutumia katika kila jaribio hapa.

Hakikisha uzi wa tano, A, uko sawasawa kwenye hezi 110. Gusa uzi huo kwa ncha ya kidole, bila kuubonyeza, milimita 130 kutoka kijiti cha juu, yaani nyuma kidogo ya freti ya nne, kisha uchune na uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba ya juu. Hiyo ni hamoniki ya tano ya uzi, yaani sauti inayotokea uzi ukitetemeka katika sehemu tano zinazolingana, hezi 550, na ni C kali (C#, nusu toni juu ya C) iliyo safi kabisa, kwa kuwa uzi wenyewe ndio unaoitoa. Ikiwa haisikiki, sogeza kidole milimita moja moja. Watu wengi hukosea kwa kugusa juu ya freti yenyewe. Hamoniki hiyo ikiwa bado inalia, bonyeza uzi wa kwanza kwenye freti ya tisa na uupige. Sauti hiyo ni C kali ya mgawanyo sawa, hezi 554.4. Zote mbili zikilia, utasikia mipwito minne na kidogo kwa sekunde. Rudia mpaka usiwe na shaka. Baada ya hapo hutahitaji mtu wa kukushawishi kwamba tofauti ipo.

Kwa simu mbili jaribio ni jepesi zaidi, ila chagua wimbi la msumeno (sawtooth) na si wimbi laini (sine), kwa sababu wimbi laini halina hamoniki na bila hamoniki mipwito ya kordi haisikiki. Simu ya kwanza itoe hezi 264, ya pili 330. Sauti zitashikamana na kuwa kama moja. Badilisha ya pili iwe 332.6, ambayo ndiyo mi ya mgawanyo sawa: hamoniki ya tano ya sauti ya chini ni hezi 1320, ya nne ya sauti ya juu ni 1330.4, na kordi itatetemeka zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Kisha linganisha 264 na 396, halafu 264 na 395.6. Hapa mpwito ni mmoja tu kwa zaidi ya sekunde moja. Hii ndiyo sababu watu waliishi na so ya mgawanyo sawa bila malalamiko, na wakagombana juu ya mi kwa karne kadhaa.

Hatua ya nne: mtego wa kupatanisha gitaa kwa hamoniki

Wapiga gitaa wengi hufundishwa kulinganisha hamoniki ya freti ya tano ya uzi mmoja na hamoniki ya freti ya saba ya uzi unaofuata. Njia hiyo inavutia kwa sababu mipwito husikika wazi, lakini ina kasoro ambayo hesabu huifichua upesi. Hamoniki hizo hutoa nne kamili (umbali wa do hadi fa) iliyo safi, senti 498, ilhali freti zinatarajia senti 500. Kutoka E hadi A unapoteza senti 2, hadi D unapoteza 4, hadi G unapoteza karibu 6. Kisha uzi wa pili, B, hulinganishwa na hamoniki ya freti ya saba ya E nene, na hivyo hukaa senti 2 juu ya mahali pake. Matokeo ni kwamba G iko chini kwa senti 6 na B iko juu kwa 2, na umbali kati yake unakuwa senti 408 badala ya 400. Kumbuka kwamba umbali ulio safi ni senti 386. Mtu aliyetaka usafi ameishia na tatu kubwa (umbali wa do hadi mi) iliyo mbaya kuliko ile ya kinanda.

Badala ya mnyororo huo, linganisha nyuzi zote na uzi mmoja. Patanisha A kwa tyuna, kisha tumia hamoniki zake za oktava, ambazo ni sawa katika njia zote mbili. Hamoniki ya freti ya 12 ya uzi wa A (hezi 220) ilingane na uzi wa D ukibonyezwa freti ya saba, na uzi wa G ukibonyezwa freti ya pili. Hamoniki ya freti ya tano ya uzi huohuo (hezi 440) ilingane na uzi wa B ukibonyezwa freti ya 10, na uzi wa kwanza ukibonyezwa freti ya tano. E nene ibonyezwe freti ya tano na ilingane na A wazi. Hapo gitaa lako litakuwa katika mgawanyo sawa kwa kadiri freti zake zilivyo sahihi.

Kama wimbo wako una kordi mbili tatu tu na unarekodi studio, hakuna anayekuzuia kufanya kinyume. Kwa wimbo unaokaa kwenye E na A, kushusha uzi wa tatu kwa senti 6 hadi 8 hutuliza kordi ya E bila kuiharibu A kwa kiasi cha kusumbua, kwa sababu uzi huo ndio unaobeba mi ya E. Usifanye hivyo kwa wimbo unaopita kwenye G au C.

Hatua ya tano: tafuta mahali upatanisho safi unapovunjika

Mpaka hapa upatanisho safi unaonekana mtamu, na ni rahisi kuhitimisha kwamba mgawanyo sawa ni uvivu wa viwanda. Jaribio lifuatalo linaondoa wazo hilo. Andika ngazi safi ya C kwa hezi: C 264, D 297, E 330, F 352, G 396, A 440, B 495. Kordi ya C (264, 330, 396), ya F (352, 440, 528) na ya G (396, 495, 594) zote zina uwiano wa 4 kwa 5 kwa 6, na zote zinatulia. Sasa chukua kordi ya D ndogo. Inahitaji D na A, 297 na 440. Kwa so iliyo safi, 297 ingehitaji 445.5. Weka 297 na 440 kwenye simu mbili, wimbi la msumeno, na usikilize: mipwito 11 kwa sekunde katika umbali ambao unapaswa kuwa mtulivu kuliko yote isipokuwa oktava. Upungufu wake ni senti 21.5, uwiano wa 81 kwa 80, ambao wanamuziki huuita koma.

Ukiipandisha A hadi 445.5 ili D ndogo itulie, kordi ya F inaharibika papo hapo. Ukiishusha D hadi 293.3, G inaharibika. Hakuna mahali pa A na D panaporidhisha kordi zote nne. Na hii ni ngazi moja tu. Wimbo ukihamia kwenye G, yaani do ikawa 396, re ya ngazi mpya ni A ya 445.5, siyo 440, na F kali (F#) inaongezeka. Kila kuhama huleta sauti mpya, na kinanda chenye vibonye 12 kwa oktava hakina pa kuziweka.

Chanzo chake ni kwamba 2, 3 na 5 hazikutani popote. Ukipanda so safi 12 mfululizo unapita oktava saba kwa senti 23.5. Ukipanda mi safi tatu mfululizo unaikosa oktava kwa senti 41. Mgawanyo sawa hulitawanya deni la kwanza kwa usawa, senti 2 kwa kila so, na kuliacha deni la pili liangukie mi zote, senti 14 kila moja. Ulaya ilijaribu mgawanyo mwingine kabla ya huu. Mwaka 1523 Pietro Aaron alieleza namna ya kupatanisha ogani ambayo baadaye ilifahamika kwa kupunguza kila so kwa robo ya koma ili mi zibaki safi, na njia ya aina hiyo ilifaa sana mpaka mtunzi alipotaka kutumia funguo zote. Katika karne ya 19 piano zilihamia kwenye mgawanyo sawa kwa ujumla, na dunia nzima ya kinanda ikafuata.

Hatua ya sita: kwaya bila kinanda

Waimbaji hawana freti, kwa hiyo wao ndio wanaoweza kuufaidi upatanisho safi. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya husoma nota za solfa, mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover. Mfumo huo unafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu mwimbaji huifikiria kila sauti kwa uhusiano wake na do, popote do ilipowekwa.

Besi washike do kwa irabu ya "o", bila kutikisa sauti, wakipokezana pumzi. Teno waongeze so na wasikilizane mpaka mtikisiko uishe. Hii haichukui muda. Alto waingie kwenye mi wakianzia juu kidogo, pale kinanda kinapoiweka, kisha washuke polepole mno. Kuna mahali ambapo kordi ghafla huongezeka ukubwa na inaonekana kama kuna sauti ya ziada chini inayoimba. Hapo ndipo. Mwalimu wa kwaya aangalie tyuna baada ya kusikia, si kabla. Akikuta alto wako senti 12 hadi 15 chini ya mstari wa kati, wamefika. Sauti ya kwanza iongeze do ya juu mwishoni.

Rudia kwa fa, la, do na kwa so, ti, re. Kisha fanya kordi ndogo ya la, do, mi, na hapa tahadhari inahitajika. Walimu waliokwisha kujua kwamba mi hushuka huwaambia waimbaji washushe kila sauti ya kati, lakini katika kordi ndogo sauti ya kati hupanda: umbali wa la hadi do ulio safi ni senti 316, na kinanda hutoa 300. Amri ya kushuka ikitolewa hapo, kordi inakuwa nzito na chafu, na waimbaji hulaumiwa bure.

Sasa lipo tatizo la mserereko. Imba mfululizo wa kordi za do, la ndogo, re ndogo, so, kisha do, huku kila sauti inayopatikana katika kordi mbili jirani ikishikwa palepale na zote zikiwa safi. Hesabu inakwenda hivi: do 264, la 440, re 293.3, so 391.1, do 260.7. Mmerudi nyumbani mkiwa chini kwa koma moja, ingawa hakuna aliyekosea. Mkirudia mara tano mmeshuka zaidi ya nusu toni. Dawa inayofanya kazi ni kumpa mtu mmoja wa besi kazi ya kuikumbuka do, na kuwaruhusu walioshika re waipandishe kidogo kordi inapohamia so. Koma ikiingia katikati ya mwendo wa sauti ya ndani, msikilizaji haigundui. Dawa nyingine ni kuiacha kordi ya re ndogo isiwe safi kabisa, maana kwa kawaida hupita haraka.

Niseme pia kwamba kwaya nyingi zinazoshuka hazishuki kwa sababu ya koma. Hushuka kwa pumzi fupi, uchovu, na mwisho wa mistari unaoachiwa ulegee. Anayetaka kujua chanzo aangalie kama kushuka kunatokea hatua kwa hatua katika wimbo mzima au kunatokea kila mara kwenye mfululizo uleule wa kordi. La kwanza ni la pumzi. La pili linaweza kuwa la hesabu.

Hatua ya saba: kinanda na kwaya pamoja

Kinanda kikisindikiza, kwaya hufuata kinanda, wapende wasipende. Kujaribu kuimba mi safi juu ya ogani inayoshika mi yake kwa sauti kubwa huleta mipwito mikali kuliko mgawanyo sawa wenyewe. Njia ya busara ni mpigaji kupunguza: ashike do na so kwa mkono wa kushoto, ambazo hazina ugomvi, na aache mi iimbwe na waimbaji pale wimbo unapotulia kwenye kordi ndefu. Kwenye mistari yenye mwendo wa haraka tofauti haina nafasi ya kusikika, na hapo apige apendavyo.

Vinanda vingi vya kisasa, hasa vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, vina mahali pa kupandisha au kushusha kila kibonye kwa senti. Kwa wimbo unaokaa kwenye C pekee, weka D +4, E −14, F −2, G +2, A −16, B −12, na C ibaki sifuri. Piga C, F na G na usikilize ogani ikitulia kwa namna ambayo labda hujawahi kuisikia kutoka kwenye kinanda. Piga D ndogo ili ujue bei yake. Kumbuka kurudisha sifuri kabla ya ibada, kwa kuwa mpiga besi atakayeingia na gitaa lake la freti hatakuwa na habari.

Kabla ya kuamua: je, muziki wako uko ndani ya njia hizi mbili?

Si kila ngazi ya sauti ni ama safi ya do, re, mi au ya hatua 12. Katika taarabu ya Unguja, udi na fidla hazina freti, na kanuni, ala ya nyuzi nyingi, ina vijiti vidogo vya kubadilisha sauti ya kila kundi la nyuzi, kwa hiyo wapigaji wanaweza kuiweka tatu ya Rasti, mojawapo ya makamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu), kati ya tatu kubwa na tatu ndogo. Hiyo siyo 386 wala 400. Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulijadili kwa kirefu wazo la kuigawa oktava katika robo toni 24 zinazolingana, na wapigaji wengi waliona kwamba sikio lao halikai kwenye robo hizo. Kodiani inapoingia kwenye kundi la taarabu, nyimbo za makamu kama hizo ama huachwa au hubadilika, na uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla ya mazoezi, si jukwaani. Isitoshe, kodiani nyingi zina vijiti viwili kwa kila sauti vilivyoachanishwa kwa makusudi ili zitetemeke, kwa hiyo usiitumie kodiani kutafuta mpwito.

Buganda, ngazi ya amadinda, marimba ya mbao, hugawa oktava katika sehemu tano zinazokaribia kulingana, kila moja karibu senti 240, na kuipima kwa jedwali la hatua ya kwanza hakutakuambia lolote la maana. Kwa Wagogo wa Dodoma hali ni nyingine kabisa. Uimbaji wao, ambao Hukwe Zawose aliufikisha majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, umeelezwa na wataalamu walioupima kuwa unafuata hamoniki za asili, takriban ya nne hadi ya kumi, ikiwamo ya saba. Hamoniki ya saba ina uwiano wa 7 kwa 4, senti 969, na kibonye kilicho karibu nayo kwenye kinanda kiko kwenye senti 1000. Tofauti ya senti 31 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mi, na hakuna sikio litakaloikosa. Ikiwa ilimba (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) au zeze itapigwa pamoja na kinanda, basi kinanda ndicho kishushwe: tafuta sauti ya chini ya ilimba kwa tyuna, ifanye kuwa do, weka mi −14 na kibonye cha ti bapa (nusu toni chini ya ti) −31, kisha rekebisha senti moja moja kwa kusikiliza mipwito mpaka ilimba isikike peke yake na ikiwa na kinanda bila kubadilika.